Bi. Mwanamvua, Chanzo Chenye Leseni

Msiitafute Jamhuri ya Shwari kwenye ramani, kwa sababu ramani yake bado inasubiri leseni. Ni nchi njema. Ina milima yake, ina waziri wa kila jambo, na ina mto mmoja uitwao Lwami ambao wazee wanaukumbuka kwa samaki na watoto wanaujua kwa rangi. Jumatatu huwa kahawia, Jumatano buluu, na Ijumaa, kwa heshima ya siku yenyewe, huwa kijani. Wasio na shukrani wanalalamika. Wenye shukrani wanasema hakuna nchi jirani ambayo mto wake unafuata ratiba.

Rangi hiyo hutoka kwenye kiwanda cha ngozi kilicho juu ya mto. Kiwanda kinashona viatu vizuri mno, ambavyo watu wa Shwari hawavivai kwa kuwa vyote huuzwa ng'ambo. Mambo yalikwenda hivyo kwa amani hadi wanunuzi wa ng'ambo walipoleta ujumbe. Walisema viatu wanavipenda, ila wateja wao siku hizi wameota dhamiri, na dhamiri hiyo inauliza maswali. Sasa wanataka kujua maisha ya kila kiatu tangu kitovu hadi kaburi: ng'ombe alikula nini, ngozi ilioshwa kwa maji ya wapi, maji yakishachafuka yanakwenda kwa nani, na kiatu kikichakaa kitatupwa wapi. Bila majibu hawanunui hata gidamu.

Serikali ilishtuka. Haijawahi kuulizwa habari za maisha ya raia, leo inaulizwa habari za maisha ya kiatu.

Waziri wa jambo hilo, Mheshimiwa Dokta Injinia Kasimu Bwende, alisimama uwanjani akahutubia. "Ndugu wananchi," alisema, "kiatu chetu kimeulizwa wasifu wake. Je, tukae kimya? Taifa lisilojua kiatu chake kimetoka wapi haliwezi kujua mguu wake unakwenda wapi. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, naunda kurugenzi." Watu wakapiga makofi. Katika Shwari neno "naunda" hupigiwa makofi hata likiwa katikati ya sentensi.

Ikaundwa Kurugenzi ya Uhai wa Bidhaa, akapewa Bwana Eliakimu. Huyu kabla ya hapo alikuwa mkurugenzi wa samaki mpaka samaki walipoisha, hivyo alionekana ana uzoefu wa mambo ya mwisho. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na hakuna aliyewahi kumwona amekasirika. Chini yake akawekwa mtu mmoja tu aliyeisomea kazi hiyo, Shekue Mbaruku.

Shekue alikuwa na ila moja: aliiamini elimu yake. Aliamini kwamba jambo likishapimwa, likaandikwa na kutajwa lilikotoka, hakuna mkubwa awezaye kulikana. Na alikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Mama yake, Bi. Mwanamvua, alikaa kijiji cha Mgozi, chini kidogo ya kiwanda, pamoja na dada yake Shekue, Mwanaidi, ambaye mumewe alikuwa amekwenda machimboni. Mgozi hawana kisima. Wanakunywa Lwami. Bi. Mwanamvua alikuwa anabambuka viganja na anakohoa kikohozi ambacho hakikutaka dawa ya mtu yeyote. Shekue aliwaza hivi: karatasi ikifika ng'ambo inayosema maji ya Lwami yanamfanya nini binadamu, wanunuzi wataikaripia Shwari, kiwanda kitachimba mabwawa ya kuchujia uchafu, na mama yake atakunywa maji. Wenzake walidhani anatafuta maisha ya kiatu. Alikuwa anatafuta ya mama yake.

Akaanza kuzunguka kutafuta vyanzo vya takwimu.

Idara ya Maji walimpokea kwa chai. Walimwambia mto ulipimwa zamani na vipimo vipo kabatini, ila ufunguo wa kabati alistaafu nao mzee mmoja, na si adabu kumsumbua mstaafu. Shirika la Umeme walimwambia umeme unaotumiwa na kiwanda ni siri ya ulinzi, kwa kuwa adui akijua kiasi kilichopo atajua na kiasi kisichopo. Kiwandani walimweleza kwamba moshi wao ni siri ya biashara, na kwamba unabaki kuwa mali yao hata ukishatoka kwenye bomba.

"Basi kama moshi ni mali yenu," Shekue aliuliza, "si mje muuchukue? Uko mwingi tu kule Mgozi."

Afisa wa kiwanda aliliandika swali hilo kwa makini, akaahidi kulifikisha.

Wakati Shekue anahangaika, Bunge lilimwongezea kazi kwa kupitisha Sheria ya Vyanzo. Kuanzia siku hiyo, ilikuwa marufuku kutumia habari yoyote kwa niaba ya taifa mpaka kile kilichotoa habari hiyo kiwe na leseni. Shekue, mtiifu, akauombea leseni mto Lwami. Ombi likarudishwa. Mto haukuambatisha picha zinazoonyesha masikio yote mawili. Tena haukuwa na anwani ya kudumu, kwa maana kila maafisa walipokwenda kuukagua, maji waliyoyakuta jana yalikuwa yameshaondoka.

"Mto hauna mdomo, kijana," Bwana Eliakimu alimwambia kwa huruma. "Sheria inataka mwombaji aweke dole gumba. Tafuta chanzo chenye dole gumba."

Shekue alikaa na neno hilo siku nzima. Jioni akapanda gari kwenda Mgozi.

Alimkuta mama yake ameketi kwenye mkeka anachambua mchele kwa kiwiko na nusu kiganja, kwa sababu vidole vilikuwa vinamuuma. Shekue akamweleza. Alieleza vizuri, kama mtu aliyesoma, na mama yake akasikiliza vizuri, kama mtu aliyemsomesha.

"Mwanangu, mimi nimesema maji haya yananuka tangu hujaota ndevu," Bi. Mwanamvua alisema. "Nimemwambia mwenyekiti, nimemwambia diwani. Sasa hiyo leseni itanipa ulimi mwingine?"

"Utasikika, mama. Ukiwa na leseni, neno lako linakuwa takwimu."

"Na sasa hivi ni nini?"

"Sasa hivi ni malalamiko."

Bi. Mwanamvua akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Haya. Kama ni kidole tu, hiki hapa. Kingali na ngozi upande mmoja."

Mwanaidi, ambaye tumbo lake lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kujitokeza, alikuwa ameichukua ile karatasi anaisoma karibu na mlango. Alisoma masharti na uso ukamkunjamana. Masharti hayo Shekue aliyaandika mwenyewe, tena niulize aliyatoa wapi. Aliyanakili kutoka leseni ya ng'ambo iliyotungwa kwa ajili ya chombo cha kupimia mvua. Yalisema chanzo hakitahamishwa mahali pake. Hakitarekebishwa. Hakitatoa habari kwa mwingine bila idhini ya mwenye leseni. Na kikipotea kabla ya muda kwisha, wenye nacho watatoa kingine cha aina ile ile.

"Kaka, mbona inasema mama asihame?"

"Ili wasije wakamhamisha halafu wakasema hayupo."

"Na hili la asirekebishwe?"

"Ili wasimbadilishie maneno. Kila sharti hapo ni kinga yake, Mwanaidi. Mimi ndiye niliyeyapanga."

Mwanaidi alimwangalia kaka yake, msomi wa nyumba, akairudisha karatasi. Bi. Mwanamvua akaweka dole gumba. Wino ulishika nusu tu, na Kurugenzi ikaikubali nusu hiyo.

Hivyo ndivyo mama yetu huyu alivyokuwa chanzo cha kwanza chenye leseni katika historia ya Shwari. Alipigwa picha. Alifungiwa kibao mlangoni. Aliwekewa afisa aliyeitwa Mtunza Chanzo, kijana mnene mwenye kiti chake cha kukunja, kazi yake kukaa kibarazani na kuandika mzee amekohoa vipi, viganja viko vipi, na maji ya siku hiyo yana rangi gani. Shekue alipopokea taarifa hizo mjini, alizisoma kwa uchungu na kwa furaha pamoja, na hakuona aibu kwa furaha hiyo. Aliandika tathmini yake ukurasa kwa ukurasa. Mto ulikuwamo, kiwanda kilikuwamo, na mama yake alikuwamo, na mbele ya kila jambo ameandika lilikotoka.

Siku ya kuipeleka, Bwana Eliakimu alimwita ofisini, akamkaribisha kiti.

"Kazi nzuri mno," alisema. "Nimeisoma nikasikitika. Bahati mbaya hatuna ruhusa ya kuitumia. Kiwanda kimekodi zile takwimu za Mgozi."

"Kimekodi?"

"Leseni ya pekee. Sheria inamruhusu yeyote mwenye uwezo. Wamezichukua zote, kwa muda wote."

"Mkubwa, zile ni takwimu za mama yangu."

"Ni za chanzo, Shekue. Usichanganye ukoo na kazi."

"Na wanazifanyia nini?"

"Wanazihifadhi," alisema Bwana Eliakimu. "Ni watu wanaojali kumbukumbu."

Pale zilipokuwa habari za mto pakaandikwa: takwimu hazikupatikana. Sasa elimu hii ya maisha ya bidhaa ina desturi yake, na desturi si mbaya: takwimu za mahali zikikosekana, unaazima za mahali panapofanana. Kurugenzi ikatafuta mto unaofanana na Lwami. Mito ya jirani ilikataliwa kwa kuwa nayo haina leseni. Ukapatikana mto mmoja wa nchi ya baridi, wenye takwimu safi, kamili na za bure, uliofanana na Lwami kwa kuwa wote wawili walielekea baharini.

Tathmini ikaenda ng'ambo na maelezo yafuatayo: ngozi ya Shwari huoshwa kwa theluji iliyoyeyuka, maji machafu huchujwa na mitambo inayoendeshwa kwa upepo, na wakazi wa chini ya mto hupata burudani ya kuteleza juu ya barafu kwa karibu nusu mwaka. Wanunuzi walisoma wakafurahi sana. Kiatu kikapewa cheti cha daraja la Safi Kupita Matarajio. Mheshimiwa Waziri akarudi uwanjani akatangaza kwamba dunia nzima sasa inatembea juu ya dhamiri ya Shwari. Na kwa kuwa serikali ile haiandiki jambo ikaliacha hewani, bango lilisimikwa kando ya mto pale Mgozi: NI MARUFUKU KUTEMBEA JUU YA MTO KABLA BARAFU HAIJAKOMAA. Watoto wa Mgozi walilichukua kuwa goli.

Shekue aliomba likizo akaenda nyumbani. Mama yake alikuwa amelala chali, kifua kikipanda na kushuka kwa taabu, na viganja vimefungwa matambara. Alikuwa mwepesi Shekue alipomnyanyua, na wepesi ule ulimtisha kuliko kikohozi. Akambeba hadi mlangoni ampeleke hospitali. Mtunza Chanzo akainuka kwenye kiti chake cha kukunja.

"Haiwezekani, ndugu yangu. Daktari akimpima atapata takwimu. Na takwimu zina mwenyewe."

"Huyu anakufa."

"Naona. Nimeandika. Lakini hata akitibiwa akapona, si atakuwa amerekebishwa? Sharti la pili. Na hospitali iko mjini, hilo ni sharti la kwanza."

"Masharti haya niliyaandika mimi," Shekue alisema.

"Ndiyo maana tunayaheshimu."

Nyuma ya yule kijana, barabarani, palikuwa na gari la askari, nao walikuwa wameshuka. Kamba hukatikia pabovu, na Shekue alijua pabovu ni wapi. Akamrudisha mama yake ndani, akamlaza, akakaa sakafuni karibu naye akalia waziwazi, mtu mzima yule, msomi wa nyumba.

"Nyamaza," Bi. Mwanamvua alisema. "Miaka yote nimekaa hapa hakuna mkubwa aliyekanyaga mlango wangu. Leo nina mlinzi."

"Nilikwambia utasikika, mama. Nimekosea."

"Hujakosea. Wamenisikia. Ungekuwa hujanisikizisha, wangenifunga mdomo kwa nini?" Akapumzika kidogo. "Ila ungeniuliza mimi, mwanangu, ningekwambia tuanze na kisima."

Kisima. Kwa mishahara aliyopokea akitafuta vyanzo, Shekue angeweza kuchimba kisima, na jambo hilo halikumpitia akilini hata mara moja.

Bi. Mwanamvua alifariki Ijumaa asubuhi, mto ukiwa kijani. Mtunza Chanzo aliandika, akakunja kiti chake, akatoa mkono wa pole.

Sasa, Mgozi wana desturi yao, na ni desturi ya watu wengi wastaarabu. Jeneza halinyanyuliwi kabla madeni ya marehemu hayajaulizwa, ili asiende na mzigo wa dunia. Alasiri ile, watu walipokwisha kusimama uani safu kwa safu na wanawake wamejaa ndani, Maalim Shaha wa msikitini alipaza sauti: "Jamani, yeyote anayemdai marehemu Mwanamvua, au aliyekuwa na haki yake kwa marehemu, asione haya. Ajitokeze."

Naye mtoto wa kiume husimama akasema maneno ambayo baba yake aliyasema, na babu yake. Hafikiri, huyasema tu. Shekue akasimama mbele ya jeneza. "Mimi Shekue, mwanawe. Kila deni la mama, dogo kwa kubwa, tangu sasa liko juu yangu. Yeye hadaiwi."

Bibi mmoja alisema kutoka dirishani kwamba marehemu aliazima ungo wake, na kwamba ameusamehe. Watu wakaitikia amin. Maalim Shaha alikuwa ameshageuka aanze kuongoza msafara, pale mkono mmoja uliponyanyuka huko nyuma, mkono wenye saa nzuri. Ulikuwa wa Bwana Eliakimu, aliyekuja kuzika akiwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi.

"Kurugenzi inadai," alisema kwa upole. "Lakini tusimcheleweshe marehemu. Nimemsikia aliyelichukua deni, na mashahidi ni wengi."

Wakaenda wakazika. Bwana Eliakimu alishika jeneza kwa zamu yake kama wengine, na akatupa udongo wake. Waliporudi alikaa jamvini na watu, akala wali wa matanga kwa adabu, akanywa maji ya chupa aliyokuja nayo. Kisha ndipo alipomgeukia Shekue.

"Pole sana. Mama alikuwa chanzo bora, hakuwahi kutupa takwimu ya uongo. Ila ameondoka katikati. Kiwanda kimekodi muda wote, na masharti, wewe unayajua kuliko mimi, yanasema chanzo kikipotea wenye nacho watatoa kingine." Akafuta vidole. Macho yake yakaenda taratibu hadi mlangoni, alipokuwa amesimama Mwanaidi, ambaye tumbo lake sasa halikuhitaji kuelezwa. "Na kitaalamu, Mungu amrehemu, marehemu alikuwa na upungufu. Yeye tulimpata upande wa kaburi tu. Upande wa kitovu hatukuwa na kitu."

Jamvi zima likageukia mlangoni. Hata ambao hawakuelewa maneno walielewa macho yameangalia wapi.

"Kaka," Mwanaidi alisema, mkono juu ya tumbo. "Huyu baba anasema nini?"

Shekue alitamani kumkamata yule mzee kanzu yake nyeupe amtumbukize mtoni. Lakini askari walikuwa wamekuja matangani nao, wamekula, wako palepale chini ya kibao cha leseni.

"Deni nimelichukua mimi," alisema. "Umesikia mwenyewe. Niandike mimi."

"Wewe unakaa mjini, unakunywa maji ya bomba. Huwakilishi hali ya hapa."

"Nitarudi kukaa hapa. Nyumba ya mama, maji ya mama."

"Na huyu dada?"

Shekue akafikiri upesi kuliko alivyowahi kufikiri ofisini. "Huyu atakwenda kwangu mjini leo hii. Yuko nje ya mpaka wa tathmini; yanayotokea huko hayahesabiwi."

Bwana Eliakimu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Aliwapenda vijana waliokumbuka masomo yao. "Nje ya mpaka. Sawasawa, hilo ni neno la kitaalamu, siwezi kulipinga. Basi na awe nje, kwa sasa." Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa ile ile ya Bi. Mwanamvua, na nusu ya dole gumba lake ilikuwa bado inasomeka. Shekue akaweka lake pembeni yake.

"Na tuanze vizuri," alisema Bwana Eliakimu, "ili kusiwe na siku iliyopotea."

Mtungi wa Bi. Mwanamvua ulikuwa bado pale pembeni ya mlango, na maji aliyochotewa mwenyewe akashindwa kuyamaliza. Shekue akafunua kawa, akateka kata moja, akainywa yote bila kupumzika. Watu walikuwa wanatazama chini. Mtunza Chanzo alikuwa ameshakunjua kiti chake.

Mwanaidi alitoka ndani na furushi lake la nguo kichwani na machozi yanamtiririka. Akasimama mbele ya kaka yake.

"Niambie, kaka," alisema. "Ndiyo yale yaliyomuua mama?"

Shekue alifungua mdomo. Bwana Eliakimu akainua macho kutoka kwenye sahani yake, akamtazama bila hasira, akasubiri. Jibu lilikuwa limeshakodiwa. Shekue akarudisha kata juu ya mtungi, akamwambia dada yake kwamba basi la mjini linakaribia kuondoka, awahi.